Wizara ya Uzito wa Kauli

Ipo nchi moja, na usijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa sababu wenyewe waliomba isichorwe mpaka barabara zake zikamilike, ambayo Mungu aliijalia viongozi makini kupita nchi zote. Katika nchi hiyo hakuna kiongozi aliyewahi kuonekana akicheka hadharani, isipokuwa Waziri wa Uvuvi mara moja tu, naye uchunguzi ulibaini kwamba alikuwa anapiga chafya.

Umakini wao ulikuwa kwenye maneno. Daraja likianguka, Serikali ililichukulia suala hilo kwa uzito unaostahili. Hospitali ikikosa dawa, Serikali ililivalia njuga. Shule ikiezuliwa paa na upepo, Serikali haikulifumbia macho jambo hilo, na hiyo ilikuwa kweli tupu, maana viongozi walikwenda kuitazama shule ile kwa macho mawili, kila mwaka, kwa miaka sita. Wananchi nao wakaizoea lugha ya wakubwa wao. Mume akimwahidi mkewe kwamba paa linalovuja ataliziba kwa dhati kabisa, mke alikwenda kutafuta ndoo ya pili.

Hali hiyo ingeendelea kwa amani kama Mtukufu Rais asingesimama siku moja uwanjani, akakunja uso na kusema, "Ndugu wananchi, mimi sitanii." Uwanja mzima ukacheka. Walicheka wazee, wakacheka askari wa gwaride, akacheka mpaka mpiga tarumbeta, mate yakajaa kwenye tarumbeta, wimbo wa taifa ukatoka kama bata anayezama. Mtukufu alirudi Ikulu amenuna, na wiki hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Uzito wa Kauli.

Ghorofa ya nne ya wizara hiyo, katika chumba kisicho na dirisha (dirisha lilikuwa limeshaidhinishwa, ila lilikuwa bado halijatobolewa), alifanya kazi mkalimani aitwaye Siwatu Kihampa, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Marehemu baba yake alikuwa mtunza bustani katika mtaa wa mabalozi, akihama kutoka ubalozi mmoja hadi mwingine kila maua yalipokauka, na kwa hiyo Siwatu, aliyefuatana naye huko tangu utotoni, alijua kukemewa kwa lugha tano kabla hajajua kusoma kwa moja. Kazi yake pale wizarani ilikuwa kutunza Daftari Kuu la Kauli. Kila kauli ya Serikali iliandikwa humo pamoja na maana yake na daraja lake la uzito. "Tunalifanyia kazi" ilikuwa ya daraja la tatu. "Tunalifuatilia kwa karibu" ilikuwa ya pili. "Hatutamwonea mtu haya" ilikuwa ya kwanza. "Kufa na kupona" ilifungiwa kabatini, na ilitolewa wakati wa mpira na uchaguzi tu.

Alikuwa mwanamke mtaratibu wa miaka arobaini kasoro, asiyependa makuu. Kazi ile aliiona ya kipuuzi, lakini alijiambia kwamba haimdhuru mtu.

Jumatatu moja ya msimu wa mvua, barua ikafika mezani kwake ikiwa na mihuri mitatu ya IMEREJESHWA. Ilitoka kwa Mhandisi Makwaya, mlinzi wa Bwawa la Uhodari, ambalo liko juu kidogo ya mji wa Kidimbwini. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Ukuta wa bwawa umepasuka. Mvua ikiendelea hivi, utabomoka Alhamisi ya wiki ijayo. Watu elfu ishirini wanaishi chini yake. Waondoke."

Siwatu aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena, akakaa. Mama yake mzazi, Bi. Chema, fundi cherehani, alikuwa mmoja wa wale elfu ishirini. Akashuka ngazi mbio mpaka ofisini kwa Waziri, Mheshimiwa Daktari Mapembelo, mtu mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa.

"Mheshimiwa, hii barua imerudishwa mara tatu!"

"Naijua," akasema Waziri. "Huyu Makwaya hayuko makini."

"Anasema ukuta umepasuka, Mheshimiwa."

"Anasema, ndiyo, lakini tazama anavyosema. Sentensi nne! Hakuna 'kwa masikitiko makubwa', hakuna 'naomba kuchukua fursa hii'. Mimi nimepokea barua ya kurasa tisa kuhusu bawaba ya mlango wa choo. Sasa niambie wewe, ufa wa kweli unaweza kuwa na barua ya nusu ukurasa?"

Siwatu aliona akibishana siku itaisha. Akaichukua barua, akarudi chumbani kwake, akaiandika upya kwa kurasa kumi na moja. Aliweka masikitiko mawili, fursa tatu na "kipekee kabisa" nne, na ule ufa akautia ukurasa wa nane. Kabla ya saa ya chai barua ilikuwa imepita.

*

Jumatano Waziri Mapembelo akazungumza redioni. Alisema Serikali inalichukulia suala la ukuta wa Bwawa la Uhodari kwa uzito unaostahili, inalifuatilia kwa karibu, na haitalifumbia macho. Alizungumza dakika arobaini. Siwatu alipoona saa ya kazi imekwisha, akampigia mama yake simu.

"Shikamoo, mama. Mmesikia redio?"

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia, tunashukuru sana," akasema Bi. Chema kwa furaha. "Maana huyu Makwaya alikuwa ametutia hofu. Alipita mitaani anasema tuhame, watu wakaanza kufunga mizigo. Lakini Waziri aliposema hawatalifumbia macho, basi, tukajua hakuna kitu. Jirani yangu amefungua mabegi yake yote."

Siwatu alikata simu. Asubuhi akaandika taarifa kwamba kauli nzito za Waziri zimeleta matokeo yaliyo kinyume. Taarifa ikapanda mpaka kwa Mtukufu Rais, na Mtukufu, ambaye hakuwa mjinga hata siku zile alizoshauriwa kuwa hivyo, akaelewa haraka.

"Maneno yetu yamekuwa matupu kwa sababu hatuyatendi," akasema. "Tukisema tunalivalia njuga, nani kati yenu ana njuga?"

Hakuna aliyekuwa nazo. Amri ikatoka. Ijumaa mchana mawaziri kumi na wanane wakashuka Kidimbwini wakiwa wamefunga vibwebwe viunoni na kuvaa njuga miguuni, wakatembea kwa huzuni kuu kutoka stendi hadi sokoni kuonyesha kwamba sasa jambo ni zito. Njuga zililia barabara nzima. Wananchi wakatoka na ngoma zao. Walidhani ni mashindano, na kwa kuwa ni watu wakarimu, wakachagua washindi. Waziri wa Ardhi akawa wa pili. Alilalamika njia nzima ya kurudi kwamba alistahili kuwa wa kwanza.

Mvua ikaendelea kunyesha.

*

Jumatatu iliyofuata Siwatu aliitwa Ikulu, mbele ya Baraza zima la Mawaziri. Mtukufu Rais alikuwa amekaa chini ya picha yake mwenyewe akiwa amekaa.

"Bi. Siwatu," akasema, "kauli zetu za ndani zimechakaa. Nimeamua tuagize za nje. Nimeambiwa unajua lugha za watu. Tuambie, mataifa makubwa husemaje yanapokuwa hayana mzaha?"

"Mtukufu, kwa heshima zote, ukuta utabomoka Alhamisi. Ingetosha kuwaambia watu..."

"Tuko hapo hapo kwenye ukuta," akasema Waziri Mapembelo kwa ukali. "Jibu swali!"

Siwatu akafungua karatasi yake.

"Waingereza, Mtukufu, wako wanaosema jambo ni zito kama mshtuko wa moyo."

Waziri wa Afya akapinga. Alisema wananchi wakiusikia ugonjwa huo watakuja hospitali kuuliza dawa, na hapo ndipo wizara yake itakapoaibika. Lakini Mtukufu akaipenda, ikaandikwa.

"Wajapani, kwa neno lao la umakini, wanasema upanga wa kweli. Yaani mtu aliye makini hapigani kwa upanga wa mazoezi."

"Wetu wa gwaride ni wa mbao," akanong'ona Waziri wa Ulinzi. "Tuliupaka rangi tu."

"Andika," akasema Rais. "Endelea."

"Wafaransa husema mtu yuko makini kama Papa."

Hapo Waziri wa Uvuvi akaamka. "Hiyo ni sahihi kabisa, Mtukufu. Niliwahi kumwona mmoja karibu na boti, kama hatua kumi hivi. Hakutabasamu hata kidogo."

"Ni Papa wa Roma, Mheshimiwa," Siwatu akasema kwa upole.

"Ala! Kumbe hata huko Roma wanafika?"

Siwatu akainamisha uso kwenye karatasi. "Warusi nao, mtu akitaka kuonyesha kwamba hatanii, husema 'bila wajinga'."

Kalamu zikasimama. Hata saa ya ukutani ilionekana kusita.

"Fafanua," akasema Rais.

"Maana yake jambo linashughulikiwa kwa makini, wajinga wakiwa wamewekwa kando."

Mawaziri wakatazamana, kila mmoja akimhesabu mwenzake. Mwishowe Waziri wa Mambo ya Ndani akainua mkono polepole. "Naunga mkono hoja, Mtukufu. Naomba tu mwongozo. Je, akidi itatimia?"

Lilizuka zogo la robo saa. Likaisha Mtukufu alipotamka kwamba wote waliomo ukumbini wanahesabiwa kuwa si wajinga kwa mujibu wa katiba.

"Na Wajerumani?" akauliza. "Nasikia wale ndio hawana mchezo."

"Wajerumani, jambo likifika pabaya kabisa, husema sasa ni suala la soseji."

"Soseji ya kula?"

"Ya kula, Mtukufu. Wanasema zamani kwenye michezo yao mshindi alipewa soseji."

Mtukufu akafumba macho. Akaitamka taratibu, mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi. "Sasa... ni suala... la soseji." Akafumbua macho, na palikuwa na unyevu ndani yake. "Hiyo itakuwa ya mwisho. Hiyo itawachoma."

*

Hotuba ilisomwa Jumanne saa sita mchana katika redio zote. Siwatu alikuwa ameingiza sentensi iliyowataka watu wa Kidimbwini wahamie mlimani mara moja, lakini iliondolewa ukurasa wa tatu kwa kukosa nafasi. Iliyobaki ilisikika vizuri sana.

"Ndugu zangu wa Kidimbwini! Nazungumza nanyi nikiwa makini kama Papa. Upanga mkononi mwangu ni upanga wa kweli. Ukuta wa bwawa letu ni mzito kama mshtuko wa moyo, na Serikali yangu inaushughulikia bila wajinga. Ndugu zangu, nasema kwa uchungu: sasa ni suala la soseji!"

Saa nane Mhandisi Makwaya akapiga simu wizarani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kushangaa.

"Bi. Siwatu, wamekuja."

"Wapi? Mlimani?" Siwatu akauliza.

"Uwanja wa mpira, chini ya ukuta kabisa. Kama watu elfu tatu. Wamekuja na sahani."

"Sahani za nini, Mhandisi?"

"Wanauliza soseji zinagawiwa saa ngapi. Wengine wametoka vijiji vya mbali. Nimewaambia ukuta unavuja, wakasema watasubiri."

Siwatu aliiweka simu chini. Akakaa akiutazama ukuta ambao dirisha lake lilikuwa halijatobolewa. Hata alipokuwa akiandika "kipekee kabisa" nne katika barua ile, alijiona ni mtu wa nje wa mambo yale, mtu anayetafsiri tu. Sasa aliona sahani elfu tatu, na ndani ya kila moja aliona neno alilolileta yeye. Akachukua mkoba, akatia ndani karatasi chache za wizara zenye nembo, na muhuri mmoja. Asubuhi yake akapanda treni ya kwanza.

*

Alimkuta Bi. Chema barazani anashona sketi ya sare, mguu kwenye kanyagio, pini midomoni.

"Mama, kesho ukuta unaanguka. Naomba tuondoke sasa hivi."

Bi. Chema alitoa pini moja moja mdomoni. "Karibu kwanza, mwanangu. Umekula?"

"Mama, sitanii!"

Mama akamtazama kwa huruma. "Unaona? Hivyo hivyo ndivyo wanavyosema."

"Haki ya Mungu, mama, wallahi. Nimeziona ripoti kwa macho yangu."

"Nakuamini umeziona. Ungekuwa bado mwalimu wa shule ningekuwa nimeshabeba mizigo. Lakini we mtoto unafanya kazi pale pale yanapopikwa haya maneno. Nitajuaje kama hili nalo halijapikwa?" Akaona machozi ya mwanawe, akalegea. "Nikuulize. Mkuu wa Wilaya amehama?"

"Hajahama."

"Basi. Yule ndiye mwenye simu ya Serikali. Nyumba yake ile pale, chini kuliko yetu. Siku utakapomwona anatoa kochi lake, na mimi natoa cherehani. Lakini kwa maneno tu, mwanangu, hapana. Tumeshapewa mengi."

Siwatu alikuwa ameacha kulia na anaitazama nyumba ile kubwa ya bati la kijani chini ya mteremko. Akafungua mkoba wake juu ya meza ya kushonea, akaomba kalamu.

Aliandika mistari mitatu tu. "Ukuta wa bwawa utabomoka kesho Alhamisi. Hama leo. Wananchi wasijulishwe." Halafu akagonga muhuri mwekundu: SIRI. Alijua akibainika atafungwa, na mkono wake ulikuwa mzito kidogo kwenye muhuri, herufi ya mwisho ikachafuka.

Mkuu wa Wilaya, Bwana Kalikawe, alikuwa anakunywa chai na mkewe, Bi. Felista, kwenye sebule iliyojaa kochi moja. Lilikuwa kochi jekundu la watu saba, lililoletwa kwa meli, na ilibidi ukuta wa sebule ubomolewe ili lipite, kisha ujengwe tena nyuma yake. Kalikawe aliisoma barua. Akaigeuza nyuma kuona kama ina kurasa nyingine.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, Mheshimiwa."

"Hakuna 'kwa uzito unaostahili'?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

Rangi ikaanza kumtoka. "Na hii ni siri kweli?"

"Siri kabisa."

"Wananchi hawajui?"

"Hawatakiwi kujua."

"Mungu wangu!" akapiga kelele Kalikawe, kikombe kikaanguka. "Felista! Ni kweli! Felista, ukuta unaanguka, fungasha!"

"Hotuba ya jana si nilikusikia ukisema ni upuuzi?"

"Ile ilikuwa ya wananchi! Hii ni yetu!"

Saa nne na nusu lori la wilaya lilikuwa mlangoni. Yalitoka majokofu mawili, zikatoka picha za Rais nne, akatoka jogoo wa Bi. Felista ndani ya ndoo ya plastiki. Halafu ikaja zamu ya kochi, na kochi halikupita mlangoni. Bi. Felista akasema haliachwi. Mafundi wakaitwa waje na nyundo, wakaanza kuubomoa ukuta wa sebule, mchana kweupe, kishindo kikisikika mpaka sokoni.

Watu wakatoka kutazama. Mwanzoni walikuwa kumi, wakawa mia. Mkuu wa Wilaya, aliyekatazwa kuwajulisha wananchi, alisimama juu ya lori na kuwatangazia kwa kipaza sauti kwamba hakuna chochote kinachoendelea. Nyuma yake kochi jekundu likachomoza kwenye tundu la ukuta, taratibu, kama ulimi.

"Kochi linatoka!" mwanamke mmoja akapiga ukelele.

Basi, ilitosha. Kelele hiyo ilikwenda mtaa hadi mtaa kwa kasi ambayo redio ya taifa haijawahi kuipata. Kochi linatoka! Kochi la Mkuu wa Wilaya linatoka! Uwanjani watu wakatupa sahani. Milango ikang'olewa bawaba, vitanda vikapanda vichwani, wagonjwa wakabebwa mgongoni, mbuzi wakakimbizwa. Siwatu alipofika nyumbani alimkuta Bi. Chema ameshajitwika cherehani, amefunga kanga kiunoni.

"Unanisubirisha nini?" mama akamuuliza. "Shika mguu wa meza."

Walipanda mlima pamoja, mji mzima, kwenye matope, na lile kochi likiwa mbele yao juu ya lori kama bendera. Kufikia jioni hapakubaki mtu Kidimbwini. Mhandisi Makwaya alipita nyumba kwa nyumba kuhakikisha, akamkuta bwana mmoja tu, kiziwi, ambaye hakuwahi kusikia tangazo lolote la Serikali na kwa hiyo alikubali kuondoka mara moja alipoandikiwa.

Ukuta ulibomoka Alhamisi saa tisa alasiri, kama ilivyoandikwa katika sentensi nne. Hakukuwa na mlio mkubwa kama walivyotazamia. Ulikuwa kama mtu anavuta pumzi ndefu, kisha bonde likawa maji. Siwatu na mama yake walisimama wameshikana mikono, wakaliona paa la nyumba yao likiinuka, likazunguka mara moja kama linaaga, likaenda. Bi. Chema alikuwa amezaa watoto wanne ndani ya nyumba ile na kumzika mumewe kutoka humo. Hakulia. Alimshika mwanawe mkono mpaka vidole vikauma, kisha akahesabu kwa sauti ndogo majina ya majirani zake, mmoja mmoja, akiwatafuta kwa macho pale mlimani. Aliwapata wote.

*

Serikali ilishangilia. Tume iliyoundwa kesho yake ilithibitisha kwamba watu elfu ishirini waliokolewa na hotuba ya Mtukufu Rais, na hasa soseji. Bwana Kalikawe alivishwa Nishani ya Uzito kwa kuongoza kwa mfano. Mhandisi Makwaya alipewa karatasi ya onyo kwa kutaja Alhamisi bila kibali cha Wizara ya Kalenda. Kuhusu barua ya siri, tume iliona kwamba ipo, ila kwa kuwa ilikuwa ya siri hakuna mjumbe aliyeruhusiwa kuisoma, ikarudishwa kwenye bahasha. Siwatu akaendelea na kazi.

Lakini huko mlimani kwenye mahema lilikuwa limezaliwa jambo. Msichana akiambiwa na mchumba wake kwamba atamwoa, alimuuliza, "Unasema tu, au umetoa kochi?" Mwalimu akiwaonya wanafunzi alisema, "Leo nimetoa kochi," na darasa likanyamaza kimya. Fundi aliyetoa kochi alifika siku aliyoahidi. Kauli hiyo ikashuka mlima, ikaenda mikoani, na popote ilipofika watu waliiamini.

Haikuchukua muda Waziri Mapembelo akaipata fununu yake. Alipanda mwenyewe ghorofa ya nne, akihema.

"Bi. Siwatu! Nasikia kuna kauli mpya mtaani, nzito ajabu, wananchi hawaichekei. Mtukufu anaitaka. Jumatatu anafungua barabara, Jumanne anazungumzia umeme, Jumatano maji. Iingize kwenye Daftari, uweke maana na daraja, unipe kabla ya chakula cha mchana."

Alipoondoka, Siwatu alifungua Daftari Kuu. Akapekua kurasa za nyuma: kwa dhati, kwa moyo mmoja, usiku na mchana, kwa nguvu zote. Yote hayo yalikuwa maneno mazuri. Mama yake aliwahi kuyatumia, na baba yake, na watu walipoyasikia waliinuka vitini. Yaliingia humu moja moja, yakatumwa kwenye barabara, na umeme, na maji, na hakuna lililorudi hai. Akafikiria mvua za mwakani. Akafikiria watu watakaosimama mahali fulani chini ya kitu kinachopasuka, na mmoja wao atakayehitaji kupiga kelele moja tu, ile ambayo bado inafanya kazi.

Akachovya kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi:

"Kutoa kochi: kufagia chini ya viti; kufanya usafi wa nyumba, hasa mwisho wa juma. Asili: kina mama wa Kidimbwini. Uzito: hauna."

Waziri Mapembelo alisoma, midomo ikamshuka. "Kumbe usafi tu?"

"Usafi tu, Mheshimiwa. Watu walivumisha."

"Na ile 'nitakuoa, nimetoa kochi'?"

"Anamaanisha ameshafagia chumba, Mheshimiwa."

Waziri aliguna, akasaini. Daftari likapanda Ikulu, na Mtukufu Rais, ambaye hapotezi kitu, akaitumia hivyo hivyo Jumapili redioni. Aliwapongeza wananchi wa mahema ya Kidimbwini kwa kudumisha usafi hata katika shida. Alisema amefurahi kusikia nchi nzima sasa inazungumzia kutoa makochi, na akaagiza kila Jumamosi iwe siku ya kufagia chini ya viti, agizo ambalo Serikali itasimamia kwa uzito unaostahili.

Mlimani Bi. Chema alikuwa anashona mbele ya hema, redio ya jirani ikinguruma. Kicheko kilianzia hema la kwanza kikaenda mpaka la mwisho, watu wamejishika mbavu, na Mhandisi Makwaya, aliyekuja kuangalia mifereji, alilazimika kukaa chini. Siwatu alikuwa amekuja kumtembelea mama yake, naye alikuwa ameangalia pembeni kama mtu asiyehusika.

"We Siwatu," mama akamwita, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Hili la kufagia ni wewe?"

"Mimi natafsiri tu, mama."

Bi. Chema akakata uzi kwa meno. "Basi endelea kutafsiri vibaya hivyo hivyo, mwanangu."